Namna ya Kujikinga na Mtikisiko wa Ndege kwa Mhudumu wa Safari za KIA

Safari ya ndege kati ya Dar es Salaam na KIA, yaani Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, unaowahudumia wakazi wa Arusha na Moshi, huchukua saa moja hivi, kwa hiyo mhudumu huwa mbioni kugawa vinywaji na kukusanya vikombe kabla ndege haijaanza kushuka. Haraka hiyo ni ya hatari, kwa maana abiria amefunga mkanda ilhali mhudumu yuko wima. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, ilipochunguza ajali za mtikisiko za mwaka 2009 hadi 2018, ilibaini kuwa karibu wanne kati ya kila watano walioumia vibaya walikuwa wahudumu.

Kujikinga huanza kabla abiria hawajapanda. Katika kikao kifupi na rubani, muulize mtikisiko unatarajiwa wapi, utadumu kwa muda gani na atatoa ishara gani ili mketi. Usiridhike ukiambiwa tu kwamba hali ya hewa ni nzuri. Alasiri, jua likishaipasha ardhi, hewa ya moto hupanda na kujenga mawingu mazito, hasa wakati wa masika. Tena upepo unaovuka Kilimanjaro, mlima wenye mita 5,895, unaweza kuvurugika upande wa pili pasipo wingu lolote, na rada ya ndege, ambayo huona matone ya mvua, haitauona. Kwa bahati mbaya, hapo ndipo abiria wanapoinuka na simu zao kupiga picha kilele. Waketishe kwa kipaza sauti, nawe ukiwa umeketi.

Mtikisiko ukiwa hafifu, acha kumimina chai na kahawa. Ukizidi, sitisha huduma, rudisha toroli mahali pake, ifunge barabara, kisha uketi na kufunga mkanda. Hakuna abiria aliyewahi kufa kwa kukosa soda. Ukikukuta ghafla katikati ya ujia, usikimbilie jikoni. Kanyaga breki ya toroli, teremsha birika la moto sakafuni, uketi kwenye kiti chochote kilicho wazi, na kama hakipo, keti chini hapo hapo ukishikilia chuma cha kiti kwa mikono miwili. Ndege inapoporomoka, asiyefunga mkanda huachwa juu hata akagonga dari, kisha huangukia sakafu ambayo tayari inapanda, na hapo ndipo vifundo vya miguu huvunjika. Sehemu ya nyuma aghalabu hutikisika zaidi, kwa hiyo anayehudumu jiko la nyuma asisubiri kuambiwa mara mbili.

Ndege ikitulia, usiinuke mpaka rubani aruhusu, kwani mtikisiko hurudi. Jikague mwenyewe kwanza, ndipo uwakague abiria.

Mkishatua, maumivu ya shingo, mgongo au mguu yaandikwe kwenye ripoti siku hiyo hiyo, hata yakiwa madogo, nawe uonwe na daktari, iwe katika hospitali ya KCMC mjini Moshi au ya Mount Meru jijini Arusha, kabla hujakubali kupangiwa safari nyingine, kwa kuwa maumivu ya mgongo huweza kujitokeza kesho yake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, humlipa aliyeumia kazini, lakini madai yanahitaji ushahidi. Baki na nakala yako ya ripoti na ya maelezo ya daktari.