Somo: Kutenganisha maneno ya Kiingereza yanayokaribiana maana

Nimeulizwa tofauti ya borrow na lend mara nyingi kiasi kwamba nimeona heri niiandike njia ninayoifuata, ili atakayeuliza tena nimwelekeze hapa.

Hatua ya kwanza: tumia kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza.

Hatua ya pili: jiulize nani anatoa na nani anapokea. Sisi husema "nimeazima kitabu" na pia "niazime kitabu", kitenzi kikiwa kile kile, ndiyo maana wengi huteleza wakasema "borrow me a book". Borrow ni la anayepokea, lend ni la anayetoa.

Hatua ya tatu: pima kama neno linasifu au linakashifu. Hapa ndipo nilipoumbuka. Katika barua ya kumuaga mkuu wangu wa kazi niliandika kwamba tutaikumbuka "childish joy" yake, nikikusudia ile furaha isiyo na hila aliyoingia nayo ofisini kila asubuhi. Barua ilisomwa hadharani, na msomaji alipofika hapo alisita, akakohoa, akauruka mstari. Childish humlaumu mtu mzima kwa kukosa busara. Nililolihitaji ni childlike, ambalo husifu unyofu. Kamusi yangu ndogo iliyafasiri yote mawili "-a kitoto", nami nikaridhika. Onyo: tafsiri zikilingana, usidhani maneno yamelingana. Soma walau mifano mitatu ya sentensi chini ya kidahizo, yaani neno linalofafanuliwa katika kamusi, uone neno huandamana na mambo gani. Famous na notorious ni vivyo hivyo, kwa kuwa jambazi huitwa notorious lakini mganga hodari haitwi hivyo hata akijulikana dunia nzima.

Hatua ya nne: tunga sentensi yako.

Maswali ya wanachama

— Naomba tofauti ya borrow na lend.
Hatua ya pili.

— Kamusi yangu inasema childish na childlike ni visawe, kwa hiyo umekosea.
Hata yangu ilisema hivyo, na yaliyonipata nimeyaeleza. Tafadhali soma hatua ya tatu yote.

— Je, few na a few zinatofautianaje, ilhali zote ni "wachache"?
Swali zuri. "Few passed" hulalamika kwamba waliofaulu ni wachache mno. "A few passed" hutuliza kwamba wapo kadhaa waliofaulu. Idadi yaweza kuwa ile ile, kinachobadilika ni moyo wa msemaji. Little na a little hufuata mkondo huo kwa visivyohesabika, kama maji na muda.

— Kwa nini maneno haya ni mengi hivi?
Sababu moja kubwa ni kwamba Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza mwaka 1066, na Kifaransa chao kikawa lugha ya watawala. Ask ni la wenyeji, question lilipitia Kifaransa, interrogate ni la Kilatini, na ukiyatamka kwa mfuatano huo utasikia ukali ukipanda.

— Mimi huandika neno pamoja na mwenzake: heavy rain, lakini strong wind.
Hilo nalichukua. Ongeza say na tell, ambapo Kiswahili chatusaidia: say ni kusema, tell ni kuambia, na kuambia hakukai bila mwambiwa.