Kumsaidia Mwanafunzi Dhaifu Afaulu Bila Kuushusha Mtihani: Mwongozo kwa Mwalimu Mtunzi

Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yaliwaacha takriban asilimia 60 ya watahiniwa wa Tanzania wakiwa na daraja sifuri, yaani wamefeli. Serikali iliunda tume, matokeo yakafutwa, alama zikapangwa upya kwa utaratibu wa mwaka uliotangulia, na mwezi Mei ufaulu ukatangazwa kuwa umepanda kutoka takriban asilimia 34 hadi 43. Kati ya Februari na Mei, hakuna mtahiniwa aliyejifunza jambo jipya kwa sababu ya marekebisho hayo. Mwalimu anayeombwa kulegeza mtihani wa muhula ili wastani wa shule upande anaombwa kurudia jambo hilohilo kwa kiwango cha darasa. Hata hivyo, ugumu peke yake haufanyi mtihani kuwa mzuri, kwa kuwa mitihani mingi ya shule huwaangusha wanafunzi kwa sababu zisizohusu somo, na sababu hizo ndizo za kuondolewa.

Kabla ya kuandika swali lolote, chora jedwali la utahini. Mada zilizofundishwa ziwe upande mmoja, ngazi za ufahamu (kama kukumbuka, kuelewa na kutumia) upande wa pili, na idadi ya maswali ilingane na vipindi vilivyotumika, kwani si haki mada ya vipindi 12 kupata swali moja huku ile ya vipindi 3 ikipata manne. Mwalimu anayenakili maswali ya shule jirani (na sote tunajua jinsi desturi hii ilivyoenea) hujikuta akipima mambo ambayo hakuyafundisha, kisha akayaita matokeo yake uzembe wa wanafunzi.

Kazi inayohitaji muda mwingi zaidi ni kutenganisha lugha ya swali na kile kinachopimwa. Katika shule nyingi za sekondari, mwanafunzi aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hukutana na Baiolojia na Jiografia kwa Kiingereza, na mara nyingi anachokosa si jibu bali maana ya swali lenyewe. Lakini hata Kiswahili kinaweza kufunga njia, kama katika swali hili la Hisabati la darasa la saba: “Muuzaji mwenye duka karibu na stendi, ambaye hununua bidhaa zake kila Jumatano, alinunua kilo 40 za maharage ambazo kila moja ilimgharimu shilingi 2,500, na baada ya kilo 5 kuharibika akauza zilizosalia kwa shilingi 3,200 kila kilo, je, faida yake haikuwa pungufu ya asilimia ngapi?”

Liandike upya hivi: “Juma alinunua kilo 40 za maharage kwa shilingi 2,500 kila kilo. Kilo 5 ziliharibika. Aliuza zilizobaki kwa shilingi 3,200 kila kilo. Tafuta asilimia ya faida yake.” Hesabu haikubadilika: gharama ni shilingi 100,000, mauzo ni 112,000, na faida ni asilimia 12. Kilichoondoka ni stendi, Jumatano na ukanushi usio na kazi. Lakini ukizifuta zile kilo 5 zilizoharibika, umemwondolea mwanafunzi uamuzi aliopaswa kuufanya, na swali limekuwa jingine kabisa. Kuligawa swali hilo katika vipengele vya gharama, mauzo na faida ni msaada halali katika jaribio la wiki, wakati ujuzi ungali unajengwa. Katika mtihani wa mwisho wa mwaka ningemwachia mwanafunzi mwenyewe kazi ya kupanga hatua.

Maswali yaanze na mepesi, na mwongozo wa usahihishaji uandikwe kabla ya siku ya mtihani, ukigawa alama kwa hatua. Aliyepata gharama na mauzo sahihi akakosea kugawanya tu anastahili alama za hatua alizozijua.

Baada ya kusahihisha, panga karatasi kuanzia alama za juu, kisha linganisha theluthi ya juu na theluthi ya chini kwa kila swali. Swali lililokoswa na makundi yote mawili kwa kiwango kilekile huenda lina kasoro, au mada yake haikueleweka kwa yeyote. Likaguliwe, na likiwa na kasoro lifutwe kwa wote. Swali ambalo kundi la juu wamelipata na kundi la chini wamelikosa limefanya kazi yake, hata kama limewaangusha wengi, na majina ya waliolikosa ndiyo orodha ya wanaohitaji kufundishwa upya. Wafundishe mada hiyo, kisha uwape jaribio la marudio linalofuata jedwali lilelile la utahini kwa maswali mapya.

Kiwango cha kufaulu kisiguswe. Katika kidato cha nne, NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, huanza kutoa daraja D, la chini kabisa la kufaulu somo, kwenye alama 30, na shule inayoanzia 20 inamficha mwanafunzi pengo ambalo atalikuta katika mtihani wa taifa, wakati hakuna tena nafasi ya kumfundisha. Katika ripoti ya mzazi, andika alama ya mtihani wa kwanza na ile ya marudio bila kuzichanganya, pamoja na jina la mada iliyorudiwa.