Gari la otomatiki la siku nyingi: oili ya giaboksi ibadilishwe au iachwe?

Mafundi wengi Dar wanasema gari likishatembea sana usiguse oili ya giaboksi, ukiibadilisha tu giaboksi inakufa. Kinachotokea ni kwamba mwenye gari husubiri mpaka gia zianze kuteleza, ndipo anakimbilia oili mpya. Klachi za ndani zimeshalika, oili haiwezi kuzirudisha, na lawama inaiangukia oili. Kama gia bado zinaingia vizuri, badilisha, tena mapema: foleni ya Barabara ya Mandela na joto la Februari huichosha oili haraka.

Chomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe. Nyekundu au kahawia isiyo na harufu ya kuungua, endelea kubadilisha. Nyeusi yenye harufu ya kuungua, na gari linachelewa kuondoka ukiweka D au R, weka kwanza akiba ya pesa ya giaboksi nyingine.

Aina ya oili ndiyo inayoua magiaboksi mengi. Kwenye Toyota nyingi imeandikwa kwenye kijiti chenyewe. IST za toleo la kwanza hutumia oili ya T-IV. WS, aina nyingine ya oili ya Toyota, si mbadala wake. Giaboksi ya CVT (isiyo na gia za hatua), kama ya Ractis nyingi, inataka oili ya CVT tu. Ukiwa dukani Kariakoo usikubali kuambiwa "zote ni haidroliki".

Pasha gari moto kidogo, liegeshe pasipo na mteremko, liweke kwenye stendi, usitegemee jeki peke yake. Fungua nati ya sampo ya giaboksi (bakuli la oili la chini), siyo ya injini, na ukinge oili kwenye ndoo yenye vipimo. Kwenye IST hutoka karibu lita 3; sehemu kubwa hubaki ndani, hasa kwenye toki konveta (kifaa kinachounganisha injini na giaboksi). Ndiyo maana kumwaga mara moja hakutoshi: rudia mara tatu, ukiendesha wiki moja au mbili katikati. Kuflashi kwa mashine, yaani kusukuma oili yote ya zamani itoke kwa mpigo, kwenye giaboksi ya zamani tunakukataza, maana uchafu uliotulia unaweza kuziba njia za valvu bodi (sehemu inayoelekeza oili ndani ya giaboksi).

Ukishusha sampo kubadilisha filta, angalia sumaku zilizo chini. Tope laini la kijivu ni kulika kwa kawaida. Vipande vya chuma unavyovishika kwa vidole ni dalili ya kitu kilichovunjika. Bolti za sampo ni ndogo. Ukizikaza kwa nguvu zinakatika au gasketi inavuja.

Rudisha kiasi kilekile kilichotoka, kupitia tundu la kijiti. Washa, kanyaga breki, pitisha gia zote taratibu, rudi P. Pima baada ya kuendesha, injini ikiwa inaunguruma, kwenye alama ya HOT. Ikizidi inatoa povu, ikipungua gia zinateleza.

Oili ikiwa ya rangi ya maziwa ya waridi, acha kila kitu: maji ya rejeta yameingia. Badilisha rejeta kwanza.