Kupoza kadi ya michoro ya laptopi unapocheza gemu

Usianze kwa kufungua mashine, anza kwa kupima. Washa HWiNFO, programu ya kupimia joto la mashine, kisha cheza gemu lako zito kwa dakika 20. Dakika 5 hazitoshi, maana shaba ya kupozea iliyo ndani huchukua muda kupata joto. Soma kiwango cha juu cha joto kilichofikiwa. Kadi ikiwa nyuzi 70 hadi 82, iache, hilo ni joto la kawaida kwa laptopi. Kadi nyingi za NVIDIA hujipunguzia kasi zikikaribia nyuzi 87, ndipo gemu huanza kukwamakwama. Tazama na prosesa: mara nyingi mirija ya shaba hupita juu ya zote mbili, hivyo prosesa yenye nyuzi 98 huichemsha kadi pia.

Andika na joto la chumba. Chumba kikipanda nyuzi 5, kadi nayo hupanda karibu hizo hizo, kwa hiyo vipimo vya Arusha mwezi Julai havilinganishwi na vya Moshi mwezi Februari.

Hatua ya 1: hewa. Inua nyuma ya laptopi sentimita 2 au 3 bila kuziba matundu ya chini. Kitambaa cha meza cha kufuma kitoe kabisa. Feni hukivuta kikajibana kwenye matundu.

Hatua ya 2: vumbi. Hapa ndipo penye tatizo kubwa kwa anayekaa kando ya barabara ya vumbi, hasa kiangazi. Vumbi letu ni laini kama unga. Likichanganyika na nyuzi za nguo hujenga blanketi kati ya feni na mapezi ya shaba, yaani vibati vyembamba vinavyotoa joto. Ukipuliza kutoka nje, blanketi hilo hurudi kwenye feni, na baada ya siku chache linajishika tena palepale. Lazima litolewe kwa ndani:

Zima mashine, chomoa chaja, fungua skrubu za chini. Zipange juu ya karatasi kama zilivyokaa, kwa sababu skrubu ndefu ikiingia tundu la fupi hutoboa upande wa kibodi. Inua kifuniko kwa kadi ya plastiki, na kabla ya kugusa chochote chomoa plagi ya betri. Fungua feni, ng'oa blanketi kwa kibano, maliza kwa brashi laini kavu. Ukipuliza, shika mapanga ya feni yasizunguke. Kompresa ya gereji usiitumie kamwe: hutoa maji na mafuta.

Penye vumbi jingi, rudia kila miezi 4.

Hatua ya 3: fremu. Skrini ya hezi 60 huonyesha fremu (picha) 60 kwa sekunde, haionyeshi 110, lakini kadi hutoa jasho kuzitengeneza. Kwenye NVIDIA Control Panel, weka Max Frame Rate kuwa 60. Hii peke yake mara nyingi hushusha joto kuliko feni za kuwekea chini.

Hatua ya 4: volti. Lengo ni kadi ifanye kasi ile ile kwa umeme mdogo. Fungua programu ya MSI Afterburner, bonyeza Ctrl+F uone mchoro wa volti na kasi. Chukua nukta ya milivolti 850, ipandishe hadi megahezi (kasi ya kadi) zilizoonekana kwenye HWiNFO ulipopima, kisha nukta zote za kulia zilaze usawa huo huo. Gemu likijifunga, punguza megahezi 30 ujaribu tena. Baadhi ya laptopi zimefungiwa mpangilio huu. Kwa hizo, baki na hatua ya 3.

Hatua ya 5: pesti inayopitisha joto kutoka kwenye chipu hadi kwenye shaba, ikiwa tu mashine ni safi na kadi bado inaruka hadi nyuzi 85 ndani ya sekunde chache. Futa ya zamani kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, si spiriti ya jiko yenye rangi. Weka mpya tone la ukubwa wa punje ya choroko. Chipu ikiwa kubwa, ongeza kidogo hadi ienee. Pedi laini zilizo juu ya chipu za kumbukumbu zisibadilishwe kwa unene mwingine: zikizidi hata nusu milimita, shaba haikai vizuri juu ya chipu na joto litakuwa baya kuliko mwanzo. Kaza skrubu kwa kufuata namba zilizochapwa kando yake, kila moja nusu nusu, kisha pima tena dakika 20 kwa gemu lile lile.