Meko ya umeme ya ukutani: namna ya kuichagua na kuifunga katika nyumba ya nyanda za baridi

Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, baridi ya Njombe, Makete na Mafinga humfanya mtu atafute moto hata kama nyumba yake ni ya kisasa na haina dohani. Wengi huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha, jambo linaloua, kwa sababu mkaa unaowaka mahali pasipopitisha hewa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na aliyekwisha kulala huenda asiamke. Miaka ya karibuni wenye nyumba wameanza kununua meko ya umeme ya ukutani, yaani hita bapa yenye kioo mbele, feni ndani na taa zinazoigiza miali ya moto. Hiyo ndiyo ninayoieleza hapa, kwa kufuata mpangilio ninaoutumia mwenyewe ninapoitwa kuifunga.

Wanunuzi wengi huanza na picha ya moto, kisha hutafuta ukuta wa kuutundika. Mimi huanza darini, nikaja kwenye waya, nikaja ukutani, na uzuri wa miali nauacha mwisho, kwa kuwa meko nzuri iliyofungwa katika chumba kisicho na dari ni taa ya gharama kubwa tu.

Hatua ya kwanza: kagua chumba kabla ya kwenda dukani

Pima urefu na upana wa chumba, kisha uzidishe. Makadirio ambayo mafundi wengi huyatumia ni wati 100 kwa kila mita moja ya mraba, iwapo chumba kina dari ya kimo cha kawaida na madirisha yanayofunga vizuri. Meko nyingi za ukutani zina nguvu isiyozidi wati 2,000, kwa hiyo sebule ya mita 4 kwa 5 ndiyo mwisho wa uwezo wake. Ukiwa na sebule iliyoungana na chumba cha kulia chakula bila mlango katikati, hesabu eneo lote, wala usihesabu ile sehemu yenye makochi peke yake.

Sasa inua macho. Kama juu yako ni bati tupu, hewa ya moto itapanda na kukaa huko, bati litaipooza, nawe utabaki umevaa koti mbele ya meko inayowaka. Kwa nyumba ya namna hiyo ushauri wangu ni kwamba fedha ya meko ikatumike kwanza kwenye dari, hata ikiwa ya mbao nyembamba au jipsamu ya kawaida. Baada ya dari, tazama madirisha ya vioo vya kupangana, ambavyo hata vikifungwa huacha nyufa kati ya kioo na kioo, na tazama uwazi ulio chini ya mlango. Meko ya umeme haichomi kitu, hivyo haili hewa ya chumba, na unaweza kuziba nyufa hizo bila hofu ya sumu. Lakini kama jiko la gesi hupikiwa katika nyumba hiyo hiyo, matundu ya hewa ya jikoni yaachwe kama yalivyo.

Hatua ya pili: piga hesabu ya LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla

Meko ya wati 2,000 ikiwaka kwa nguvu zote hula uniti 2 kwa saa. Ukiiwasha saa 3 kila jioni, ni uniti 6 kwa siku na uniti 180 kwa mwezi wa siku 30. Kwa bei zilizopangwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, mwaka 2016, mteja wa daraja la T1, yaani la matumizi ya kawaida, hulipa shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, hivyo mwezi mmoja wa baridi utamgharimu zaidi ya shilingi 60,000 pamoja na makato hayo. Themostati hupunguza kiasi hicho, kwa sababu huzima kipasha joto chumba kinapofikia nyuzi ulizoziweka, ila katika chumba kinachovuja joto themostati haipati nafasi ya kuzima.

Mwenye kuumia zaidi ni mteja wa daraja la D1, yaani la matumizi madogo ya nyumbani, anayelipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Akizivuka, uniti ya ziada hutozwa shilingi 350. Meko peke yake itazimaliza uniti hizo 75 kabla ya nusu ya mwezi, na familia hushangaa kwa nini umeme wa elfu kumi umekuwa kidogo ghafla. Jambo hilo lizungumzwe nyumbani kabla ya kununua. Taa za miali, kwa upande mwingine, hazina gharama ya kutisha. Katika meko za taa za LED hazifiki hata wati 50, na karibu meko zote huruhusu kuwasha miali bila joto.

Hatua ya tatu: chagua aina, kisha soma kibandiko

Kuna meko za kuning'inizwa juu ya ukuta na kuna za kuzamishwa ndani yake. Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, chukua ya kuning'iniza. Ya kuzamisha hutaka shimo la kina cha sentimita 12 hadi 20, na kuta zetu nyingi za ndani zimejengwa kwa tofali moja la upana wa sentimita 15 au pungufu, kwa hiyo anayezitindua kwa ajili ya meko anatoboa hadi chumba cha pili. Anayeipenda ya kuzamisha ajenge kisanduku cha mbele chenye fremu ya chuma.

Zipo pia meko za ukutani zinazochoma ethanoli, na wauzaji huzisifu kwamba hazitaki umeme wala dohani. Kichomeo cha takriban kilowati 3 hunywa karibu nusu lita kwa saa, huchukua hewa ya chumba na kurudisha mvuke na hewa ukaa, na hatari yake kubwa iko katika kuongeza mafuta kichomeo kikiwa bado cha moto, kwa kuwa mwali wa ethanoli mchana hauonekani vizuri. Katika nyumba yenye watoto siifungi.

Ukishachagua, geuza meko usome kibandiko cha nyuma kabla ya kulipa. Panapaswa kuandikwa voti 220 hadi 240 na hezi 50. Meko zinazotumwa na ndugu walioko Marekani huandikwa voti 120, na hizo zikichomekwa kwenye umeme wetu huungua papo hapo. Tazama pia kama kuna alama ya ubora inayotambuliwa na TBS, shirika la viwango, kama waya wake una nyuzi tatu, maana meko yenye mwili wa chuma lazima iwe na ethi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja, na kama plagi ni ya pini tatu za mraba yenye fyuzi ya ampea 13 ndani. Ile iliyoletwa na plagi ya pini mbili za duara pamoja na adapta ya bure, iache dukani.

Hatua ya nne: waya, na hapa usiwe na haraka

Wati 2,000 kwa voti 230 ni karibu ampea 8.7. Soketi nzuri ya ampea 13 huubeba mzigo huo, ila inaubeba kwa saa tatu mfululizo kila usiku, na hapo ndipo soketi dhaifu hujulikana. Fungua soketi zilizofungwa na fundi wa bei rahisi, utakuta skrubu ya waya imekazwa nusu, na nyuzi mbili kati ya saba zimebaki nje ya tundu lake. Mahali hapo hupata moto, plastiki hubadilika rangi na kuwa kahawia kuzunguka tundu la chini kulia, ambalo ndilo la waya wa moto ukiitazama soketi kwa mbele, kisha harufu ya samaki aliyeoza huanza kusikika chumbani. Anayeisikia harufu hiyo azime mein swichi kwanza, mengine baadaye.

Kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Unachopaswa kumdai ni hiki: waya wa milimita 2.5 za mraba kutoka kwenye boksi la breka moja kwa moja hadi kwenye meko, bila kugawana na friji wala pasi. Breka yake ya pekee ya ampea 16 au 20. Kinga ya kukata umeme unapovuja, ya miliampea 30. Na kipimo cha ethi kilichofanywa kwa mita mbele ya macho yako, si kwa kuangalia tu kwamba fimbo ya shaba imezikwa nje. Waya wa taa wa milimita 1.5 usiguswe kwa ajili ya meko. Ekstensheni nayo isitumike hata kwa usiku mmoja, hasa ile iliyobaki imeviringwa, kwa sababu joto la waya uliokunjwa halina pa kutokea.

Soketi iwekwe ubavuni mwa meko, mahali mkono unapofika ili plagi ichomolewe radi zinapoanza. Isiwekwe juu ya meko wala nyuma yake. Watengenezaji wote huonya kwamba hita isikae chini ya soketi, na sababu yake ni kwamba hewa ya moto inayopanda huichosha soketi hiyo mwaka baada ya mwaka.

Hatua ya tano: mahali ukutani

Kwa watu waliokaa kwenye makochi, ukingo wa chini wa meko huwa mzuri ukiwa sentimita 50 hivi kutoka sakafuni. Mbele yake pabaki mita moja isiyo na kochi, kapeti la manyoya wala nguo za kukausha. Pazia lisiweze kuifikia hata likipeperushwa. Televisheni juu ya meko ndiyo mpango unaopendwa na wengi, nao unawezekana endapo hewa ya moto hutokea mbele au chini. Kama hutokea juu, tafuta ukuta mwingine. Fuata umbali uliotajwa katika kitabu cha maelekezo, nami huongeza kidogo hata pale kitabu kinaporuhusu sentimita chache, kwa kuwa televisheni ni ghali kuliko skrubu mbili za kuhamisha.

Hatua ya sita: kutoboa na kuning'iniza

Bandika kipande cha karatasi chenye mchoro wa matundu ya fremu, weka pimamaji juu yake, kisha weka alama kwa kalamu. Pitisha testa ukutani umeme ukiwa bado umewashwa, hasa juu na chini ya kila swichi, kwa kuwa waya hupita wima kutoka hapo, kisha zima breka ya chumba kabla ya kutoboa.

Nyumba nyingi za huku zimejengwa kwa tofali za kuchoma zilizopangwa kwa udongo, na saruji ikapakwa nje kwenye viungo ili zionekane imara. Udongo huo haushiki skrubu. Anza kutoboa kwa biti ya milimita 8 bila kuwasha mpigo wa nyundo wa drili, maana tofali laini hupasuka, na uangalie vumbi linalotoka. Sentimita moja na nusu hadi mbili za mwanzo vumbi ni la kijivu, nayo ni lipu, ambayo haihesabiwi katika kina cha tundu. Likifuata jekundu lililo kavu na lenye chenga, umeingia kwenye tofali. Endelea hadi sentimita 6 baada ya lipu. Likitoka la kahawia na laini kama unga, na biti ikazama bila kusukumwa, uko kwenye kiungo cha udongo, basi simama na usogeze tundu sentimita 4 juu au chini. Matundu ya fremu yasipoangukia kwenye tofali, funga kwanza bapa la chuma lenye upana wa sentimita 5 kwa skrubu sita zilizosambaa kwenye tofali tofauti, kisha fremu ya meko ishikwe na bapa hilo. Kwenye ukuta wa bloku za saruji mpigo wa nyundo unaruhusiwa. Kwenye jipsamu tupu usining'inize kitu cha kilo 20 bila kuifikia fremu iliyo nyuma yake.

Piga matundu yote, yapulize vumbi, ingiza plagi za plastiki za ukutani, kaza fremu, halafu uivute kwa mikono miwili kwa uzito wako kabla ya kuiamini. Meko inuliwe na watu wawili, ikae kwenye ndoano zake, kisha skrubu za chini za kuizuia isichomoke zikazwe. Hizi husahaulika mara nyingi, na mtoto akiisukuma kwa chini meko hunyanyuka.

Hatua ya saba: kuiwasha na kuijaribu

Washa miali peke yake kwanza, kisha joto la chini, kisha la juu. Harufu ya vumbi linaloungua katika dakika za mwanzo ni ya kawaida, fungua dirisha ipite. Baada ya nusu saa gusa uso wa plagi kwa mgongo wa kiganja: uvuguvugu unakubalika, lakini kama huwezi kuacha mkono hapo, zima umwite fundi aikague soketi.

Halafu weka themostati mwisho, soma uniti zilizobaki kwenye LUKU, zima vifaa vingine vyote, na usome tena baada ya saa moja. Meko ya wati 2,000 inapaswa kuwa imekula karibu uniti 2. Ikiwa imekula 1.5, usiilaumu meko. Voti zimeshuka hadi karibu 200, jambo la kawaida saa mbili usiku kwa nyumba iliyo mbali na transfoma, na kwa voti hizo hita hutoa robo tatu tu ya joto lake. Stabilaiza ndogo ya televisheni isitumike kulitatua hilo, kwa kuwa itaungua. Rudia kipimo mchana, na kama mchana unapata uniti 2 kamili, peleka taarifa TANESCO, shirika la umeme, ukiwa na vipimo vyote viwili vimeandikwa pamoja na saa zake.