Somo: Moyo umehamia kulia? Usikimbilie dekstrokadia wala TB

Kuna picha ya kifua inayowapoteza wengi: pafu la kulia dogo, moyo umevutwa upande huohuo, na mgonjwa amekwisha kuugua nimonia mara kadhaa. Huku kwetu mtoto kama huyo huishia kwenye dawa za TB hata makohozi yakiwa safi. Fikiria pia sindromu ya Scimitar. Ni kasoro ya kuzaliwa nayo: damu yenye oksijeni kutoka pafu la kulia, badala ya kuingia chemba ya juu ya kushoto ya moyo, hushuka na kumwagika kwenye vena kava ya chini, mshipa mkubwa unaorudisha moyoni damu ya nusu ya chini ya mwili. Ni adimu, watoto 1 hadi 3 kwa kila vizazi hai 100,000.

Hatua ya 1. Tazama ncha ya moyo. Kwenye dekstrokadia, yaani moyo uliojengeka kuelekea kulia tangu kuzaliwa, inaelekea kulia. Kwenye Scimitar moyo umesogezwa tu, ncha bado iko upande wa kushoto. Hewa ya tumbo ikionekana kulia na ini kushoto, viungo vimegeuka. Hapo kukiwa na sinusi na kikohozi cha usaha cha muda mrefu, waza Kartagener, ugonjwa wa kurithi ambapo vinyweleo vya njia ya hewa vinashindwa kusafisha makohozi.

Hatua ya 2. Tafuta kivuli kilichopinda mfano wa kitara (upanga uliopinda, scimitar, ulioipa sindromu jina), pembeni mwa moyo kulia, kinachonenepa kadiri kinavyoshuka kwenye kiwambo, msuli ulio chini ya mapafu. Kwa wachanga moyo mara nyingi hukifunika, kwa hiyo usipokiona hujamaliza kazi.

Hatua ya 3. Dai picha za zamani. Watu huiruka hatua hii, nami naona ndiyo yenye faida kuliko zote, tena haina gharama. Pafu lililosinyaa kwa TB, au kwa punje ya karanga iliyokwama kwenye njia ya hewa, liliwahi kuwa zima. La Scimitar ni dogo tangu picha ya kwanza.

Hatua ya 4. Eko, kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti. Mwombe mpimaji atafute mishipa ya mapafu inayoingia chemba ya juu ya kushoto, mmoja mmoja. Chemba za kulia zikiwa zimetanuka na mishipa ya kulia haionekani, aifuate vena kava ya chini. CT ya mishipa humaliza ubishi: upo mshipa uliopinda vilevile lakini unaishia kushoto panapostahili, na huo hauhitaji upasuaji. CT huonyesha pia ateri ya ziada kutoka aota (ateri kuu) ya tumbo.

MASWALI

Dokta, mtu mzima hana dalili, Scimitar imeonekana kwenye vipimo vya kuomba kazi. Apasuliwe?
— Si lazima. Damu ya mapafuni isipozidi mara 1.5 ya ile ya mwilini, na presha ya mapafu ikiwa ya kawaida, wengi hufuatiliwa tu.

Mwalimu, kichanga cha wiki tatu anahema, anatoka jasho akinyonya. Antibayotiki hazijasaidia.
— Pima ukubwa wa ini na kiwango cha oksijeni sasa hivi. Aina ya wachanga huja na moyo kushindwa na presha kubwa ya mapafu. Anza tiba ya moyo, piga simu ya rufaa leo. Kwa Tanzania, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI) pale Muhimbili.

Mgonjwa wangu yuko kwenye dawa za TB tayari. Nizisimamishe?
— GeneXpert, kipimo cha kutafuta vimelea vya TB, ikiwa ilikuwa chanya, endelea. Scimitar haimkingi mtu na TB. Kama hakuna kipimo kilichothibitisha, mpelekee mratibu wa TB wa wilaya faili na picha zote, muamue pamoja.