Jinsi ya kuuliza historia ya uzazi katika utafiti wa saratani ya matiti

Futa kwenye dodoso swali "Una watoto wangapi?" Mama atataja walio hai, pengine na wa kulea. Unachotafuta ni mimba zote, kwa mpangilio, na tarehe zake.

Kwanza weka tarehe ya rejea. Kwa mgonjwa ni siku maabara ilipothibitisha saratani. Asiye mgonjwa, anayehojiwa ili kulinganishwa naye, mpangie tarehe inayolingana nayo. Kilichotokea baada ya hapo hakihesabiwi, la sivyo anayehojiwa mwaka mmoja baadaye atapata mwaka wa ziada wa kuzaa na kunyonyesha.

Kisha chora jedwali, mstari mmoja kwa kila mimba, kuanzia kifungua mimba. Andika mwezi na mwaka, mimba ilidumu miezi mingapi na iliishaje. Mapacha ni mstari mmoja. Aliyezaliwa mfu mimba ikiwa imetimia aingie pia, maana titi lilishabadilika. Tarehe ya kitinda mimba ipate kwa uhakika: uchambuzi wa mwaka 2019 ulionyesha kuwa baada ya kuzaa hatari hupanda kwanza, hufikia kilele baada ya miaka 5 hivi, na kinga huonekana baada ya miaka zaidi ya 20.

Penye makosa mengi zaidi ni kunyonyesha. Uliza kwa kila mtoto: "Ulimwachisha ziwa kabisa akiwa na miezi mingapi?" Usichanganye na kipindi cha maziwa ya mama pekee. Majibu hupenda kurundikana kwenye miezi 24. Ukiona 24 kwa watoto wote, rudi nyuma. Alikuwa ameanza kutembea? Ulikuwa umeshika mimba nyingine? Halafu jumlisha: 18 + 24 + 12 ni miezi 54. Uchambuzi wa mwaka 2002, uliokusanya tafiti 47 kutoka nchi 30, ulikuta hatari inapungua kwa asilimia 4.3 kwa kila miezi 12 ya kunyonyesha, mbali na asilimia 7 kwa kila uzazi. Kosa la miezi 6 kwa kila mtoto, kwa mama wa watoto wanne, ni miaka 2 nzima. Tofauti ndogo namna hiyo haivumilii kosa hilo.

Umri wa kuvunja ungo ufunge na shule: alikuwa darasa la ngapi, na la kwanza alianza akiwa na miaka mingapi?

Hedhi imekoma ikipita miezi 12 bila kuonekana, lakini sindano za uzazi wa mpango nazo huisimamisha. Aliyeondolewa kizazi akabakiwa na ovari mpe msimbo wake; homoni bado zinatoka.

Kuhusu mimba zilizotolewa, mama mkwe atoke chumbani. Mgonjwa huchimbua kumbukumbu kuliko mwenye afya, hivyo soma swali kwa maneno yale yale kwa makundi yote mawili. Data zilizokusanywa kabla ya ugonjwa hazikuonyesha kuwa kutoa mimba huongeza hatari.

Mwisho, nakili kutoka ripoti ya patholojia kama uvimbe una vipokezi vya estrojeni, yaani protini za seli zinazopokea homoni hiyo. Kinga ya kuzaa huonekana hasa kwa uvimbe wenye vipokezi hivyo. Ukichanganya aina zote, takwimu moja itaificha nyingine.